Kutendewa kwa Kiswahili na Kutendwa kwa Kijapani: Uhakiki wa Mafunzo ya Wanafunzi wa Kigeni, kwa Mifano ya Dunga

Mafunzo ya Kijapani yanayotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni wa vyuo vikuu aghalabu hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni wingi wa maneno na maandishi ambayo mwanafunzi amekwisha kuyashika afikapo mwisho wa kitabu. Ya pili ni kufaulu kwake katika mtihani wa ustadi wa lugha hiyo, mtihani ulioanzishwa mwaka 1984 na ambao tangu mwaka 2010 una ngazi tano. Mizani hizo zina haki yake; walakini zote mbili hupima kile alichopewa mwanafunzi darasani, wala hazipimi kile alichokuja nacho kutoka kwao. Makala haya yanakusudia kuutazama upande huo uliosahauliwa, na mwanafunzi anayewekwa mbele ya msomaji ni yule aliyelelewa Dunga.

Dunga ni mwalo wa wavuvi ulio kusini mwa mji wa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam, na ubavuni mwake pana kinamasi kikubwa cha mafunjo. Haukuchaguliwa kwa sababu Kijapani kinafundishwa hapo, la hasha. Umechaguliwa kwa sababu mtoto wa mwalo huo hukua na lugha tatu, na kila moja ina mahali pake. Dholuo ni lugha ya nyumbani na ya mtumbwini. Kiswahili humjia kwa wanunuzi wa mbuta na omena, sokoni, na shuleni kama somo. Kiingereza ndicho anachofundishiwa masomo mengine yote. Mtoto huyo akimaliza kidato cha nne amekwisha kunyambua vitenzi vya Kiswahili mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendewa, kutendesha, kutendana. Akibahatika kupata ufadhili wa serikali ya Japani wa kusomea shahada ya kwanza, huwekwa mwaka mzima katika mafunzo ya lugha kabla ya kuingia chuoni. Akienda kama mtafiti, muda huo kwa kawaida ni miezi sita. Akijifunza akiwa angali Kenya, hufundishwa kwa vitabu vilevile, na mtihani wa ustadi huwa anaufuata Nairobi. Katika safari yote hiyo, zile kauli za vitenzi alizozihenyekea shuleni hazitajwi hata mara moja.

Kabla ya kuliingia jambo hilo, inafaa lawama moja iliyozoeleka iwekwe kando. Wapo wanaovilaumu vitabu hivi kwa mazingira yake. Husema kwamba humo mna treni, ofisi, wakuu wa idara na kadi za kujitambulisha, wala hamna ziwa, shamba wala soko la wazi. Na kwamba mhusika mkuu daima ni mtu wa mahali pengine. Ni kweli. Katika *Genki*, kitabu kilichotolewa kwanza mwaka 1999 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, anayeongoza mazungumzo ni Mary, msichana wa Kimarekani aliyekwenda kusoma Japani. Katika *Minna no Nihongo*, kilichotolewa mwaka 1998, anayeongoza ni Miller, Mmarekani mwajiriwa wa kampuni. Kitabu hiki cha pili kilitokana na vitabu vilivyotungwa hapo awali kwa ajili ya mafundi waliopelekwa Japani kujifunza kazi viwandani, na harufu ya kiwanda na ofisi haijakitoka hadi leo. Lakini anayekwenda kuishi Japani hana budi kujua kupanda treni. Kumwandikia mwanafunzi wa Dunga mazungumzo ya kuvua ngege kwa Kijapani kungekuwa ni kumbembeleza tu, na kesho yake angeshuka uwanja wa ndege akiwa hajui kuuliza bei ya tikiti. Mazingira ya vitabu hivyo si kosa. Kosa liko katika sarufi, na ni kubwa zaidi kwa kuwa halionekani upesi.

Na itazamwe sentensi moja. Mvuvi wa Dunga aliyetega jioni, akirudi alfajiri asione nyavu zake, husema kwa Kiswahili: "Nimeibiwa nyavu." Mjapani aliyepatwa na mkasa huo husema: "Ami o nusumareta." Katika sentensi zote mbili anayezungumziwa ni mtu aliyepatwa na hasara, wala si nyavu. Katika zote mbili nyavu zimebaki kuwa shamirisho: Kijapani kimeziwekea alama yake ya shamirisho, *o*, na Kiswahili kimeziacha nyuma ya kitenzi mahali pake pa kawaida. Katika zote mbili mwizi hatajwi, na akitajwa huingia kwa mlango wa nyuma, kwa *na* huku na kwa *ni* kule. Kiingereza, kinyume chake, kwa kawaida huzipandisha nyavu ziwe kiima cha sentensi, na mwenyewe humfanya kivumishi cha kumiliki tu. Kwa sababu hiyo maelezo ya sarufi yaliyoandikwa kwa Kiingereza hulazimika kutumia nafasi kubwa kumwonya mwanafunzi asikifanye kitu kilichoibwa kuwa kiima. Onyo hilo ni la lazima kwa Mary. Kwa kijana wa Dunga ni sawa na kumwonya mtu asianguke shimoni ambako hakuwa na nia ya kupita. Na baya zaidi, kwa kumwonya kwa Kiingereza, mwalimu humpeleka kwanza ukingoni mwa shimo hilo.

Zaidi ya hayo, somo hilo huja limechelewa. Katika *Minna no Nihongo* kauli ya kutendwa inaingia katika somo la 37 kati ya 50. Katika *Genki* ni somo la 21 kati ya 23. Mpangilio huo unatokana na ugumu, na ugumu unaopimwa hapo ni ugumu kwa nani? Hilo ndilo swali ambalo watungaji hawakuwa na sababu ya kujiuliza, kwa kuwa hawakuwa wakimtungia mtu anayesema "nimeibiwa" tangu utotoni.

Wanasarufi wa Kijapani wana jina maalumu kwa matumizi ya namna hii, *meiwaku no ukemi*, yaani kutendwa kwa kero au kwa hasara. Yanawashangaza wengi kwa kuwa hata kitenzi kisichokuwa na shamirisho huweza kutendwa. *Furu* ni kunyesha. "Ame ni furareta" ni mvua imemnyeshea mtu ikamharibia shughuli yake. *Shinu* ni kufa. "Chichi ni shinareta" ni kuondokewa na baba. Mwanafunzi anayefuata njia ya Kiingereza huambiwa kwamba hapa amekutana na jambo la pekee la Kijapani, na wapo hata wanaolieleza kwa hadithi ndefu za moyo wa Kijapani na jinsi unavyopokea mateso. Mswahili asiye na shahada yoyote angejibu kwamba yeye "amenyeshewa na mvua" na "amefiwa na baba", na kwamba hakuhitaji moyo wa mtu mwingine ili aseme hivyo. *Kufiwa* si neno la nadra. Ndilo neno la kwanza linalosikika mwaloni mtumbwi unapokosa kurudi.

Hata hivyo ulinganishi ukiishia hapo utakuwa wa kujipongeza, na ulinganishi wa kujipongeza haumsaidii mwanafunzi. Lugha hizi mbili zinapokaribiana namna hii ndipo hatari inapozidi. Kiswahili hakifiki kwenye *kufiwa* moja kwa moja. Hupita kwanza katika kutendea, *fia*, ndipo kikaongeza *-w-*. Kiambishi cha kutendea hakisemi kama jambo ni la heri au la shari. Husema tu kwamba limemwelekea mtu. Kijapani hakipiti njia hiyo. Hutoka *shinu* kikaenda *shinareru* bila kituo cha katikati, na kwa kuwa hakuna kiambishi kinachoeleza uelekeo, wajibu huo hubebwa na maana ya hasara yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kutendewa kwa Kiswahili hubeba heri na shari pamoja, ilhali kutendwa kwa kitenzi kisicho na shamirisho kwa Kijapani hubeba shari peke yake.

Mfano ulio wazi ni ugeni. Mtu wa Dunga akisema "Leo nimejiwa na wageni," yamkini anaagiza samaki wa kukaangwa na uso wake umechangamka. Mwanafunzi akiifuata kauli hiyo neno kwa neno, atasema "Kyaku ni korareta," na Mjapani atakayemsikia ataelewa kwamba wageni wamemletea taabu. Hali kadhalika "nilipikiwa chakula na mama." Kwa Kiswahili ni wema wa mama. Kwa Kijapani, "haha ni gohan o tsukurareta" ni lalamiko, kana kwamba mama alipika pasipo kutakiwa na mtoto alikuwa na mpango wake mwingine. Wema huo hapana budi upelekwe katika kitenzi cha kupokea: "haha ni gohan o tsukutte moratta." Kwa hiyo kanuni anayoihitaji mwanafunzi wa Kiswahili ni hii: kila kutendewa kwa Kiswahili kuulizwe kwanza kama kumemfaidi mtendewa au kumemdhuru. Kukimdhuru, njia ni *-rareru*. Kukimfaidi, njia ni *-te morau*. Pale Kiswahili kinapotumia kiambishi kimoja kwa mema na mabaya, Kijapani hutengeneza milango miwili, na anayekosea mlango huwa amemtukana mwenyeji wake bila kujua.

Maelezo ya sarufi yaliyoandikwa kwa Kiingereza hutaja tofauti ya *-rareru* na *-te morau*, lakini hayaianzii kwenye kutendewa kwa Kiswahili. Msemaji wa Kiingereza hana kutendewa kwa namna hii. Hapo ndipo hasara ya mwanafunzi wa Dunga inapokuwa maradufu: anapewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ule alio nao haukutazamwa kutoka upande wa lugha yake. Atakapoandika barua ya kumshukuru profesa wake kwa kusahihishiwa tasnifu, na akaandika *naosareta* palipostahili *naoshite itadaita*, profesa atadhani kijana hana adabu, au kwamba hakusoma vizuri. Kumbe alisoma vizuri sana. Aliifuata sarufi nyingine, yenye mantiki yake, ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake.

Ama kuhusu vitenzi vya kutoa, jambo ni fupi zaidi. Kijapani hutenga *ageru*, kutoa kuelekea nje, na *kureru*, kutoa kuelekea kwa msemaji na watu wake. Mwanafunzi wa kawaida hufundishwa tofauti hiyo kwa michoro ya mishale. Kwa Mswahili mshale umo ndani ya kitenzi: panapo *-ni-* au *-tu-* ya shamirisho, kama katika "amenipa" au "ametuletea", Kijapani karibu daima hutaka *kureru*. Hata ule ugumu unaosemwa kuwa mkubwa kuliko wote, yaani kwamba kumpa mdogo wangu huhesabiwa kuwa kunipa mimi, si mgeni katika Kiswahili. Mtu ambaye mdogo wake amelipiwa karo na jirani husema "amenisomeshea mdogo wangu," na hiyo *-ni-* isiyokuwa mwanafunzi wala mlipaji inafanya kazi ileile ya *kureru*. Dholuo nacho kina chake: anayesema *kelna pi*, niletee maji, ameuweka uelekeo katika mkia wa kitenzi. Mwalimu aliye na habari hizo angehitaji saa moja kwa somo ambalo sasa hula wiki.

Hapa msomaji anaweza kutaja kwamba yamekwisha kuwapo mafunzo ya Kijapani kwa Kiswahili, nayo ni ya redio. Ni kweli, na yanastahili heshima. Idhaa ya Kiswahili ya Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, katika miaka ya 2010 ilitangaza mfululizo wa masomo 48 ambao mhusika wake ni Anna, msichana kutoka Thailand aliyekwenda kusoma chuo kikuu, na baadaye mwingine wa masomo 48 ambao mhusika wake ni Tam kutoka Vietnam, mwanafunzi wa chuo kikuu vilevile. Ni jambo la kupendeza kwamba mwanafunzi wa kigeni anayesikika humo hakutoka Marekani wala Ulaya. Sauti ni nzuri, Kiswahili ni safi, na msikilizaji wa kando ya ziwa angeweza kufuata pasipo kununua kitabu. Lakini masomo hayo yalikuwa yaleyale kwa lugha zote zilizotangaziwa, na lugha hizo zilizidi kumi. Somo linalotakiwa kuzifaa lugha zote haliwezi kugusa *kufiwa* wala *kujiwa*. Kiswahili kilitumika humo kama chombo cha kubebea maelezo, hakikutumika kama sarufi ya kulinganishia. Kulifasiri somo kwa Kiswahili ni kazi moja, na kulitunga kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza imefanywa vyema na Wajapani wenyewe.

Ya pili haikuwa wajibu wao. Upande wao walikwisha kuitimiza sehemu yao kwa lugha ya huku. Wazaki Yoichi, ambaye katika miaka ya 1960 alifanya utafiti Mangola nchini Tanzania, alitoa mwaka 1980 kamusi ya Kiswahili iliyoelezwa kwa Kijapani, bila kumpitisha msomaji wake katika Kiingereza. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, kilikifanya Kiswahili kuwa somo la shahada, na Kiswahili kingali kinafundishwa huko. Mwanafunzi wa Osaka anayejifunza kutendea huelezwa kwa Kijapani, na mwalimu wake anajua ni wapi *-te ageru* itamsaidia na ni wapi itampotosha. Mwenzake wa Kisumu anayejifunza kinyume chake hana msaada huo. Idara za lugha za Kiafrika zimeandika mengi kuhusu mnyambuliko wa vitenzi, na zimesahihisha maelfu ya karatasi za mtihani juu yake, huku zikiliacha fundisho la lugha za kigeni mikononi mwa idara nyingine kana kwamba haliwahusu. Mwalimu wa Kijapani hawezi kulaumiwa kwa kutoijua *kujiwa* ikiwa jirani yake wa korido hajawahi kumbishia hodi.

Pingamizi moja lenye uzito halina budi kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba Dunga si Lamu. Kwamba kijana wa huko amejifunza Kiswahili shuleni, na kumfundishia Kijapani kwa njia hiyo ni kumwondoa katika lugha moja ya kuazima na kumtia katika nyingine. Pingamizi hilo ni la kweli nusu. Kuhusu kutendwa, Dholuo hakina kiambishi kinachofanana na *-w-* ya Kiswahili, kwa hiyo hapo kijana huyo hana budi kukitegemea Kiswahili, nacho anakitumia kila siku anapouza samaki na kila anapoibiwa nyavu. Kuhusu uelekeo wa kutoa, ana *kelna* ya mama yake, ambayo haikuhitaji mwalimu. Na kuhusu sauti, Dholuo kinampita Kiswahili mbali. Kijapani cha Tokyo hutofautisha *hashi* ya kulia chakula na *hashi* ya kuvukia mto kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na vivyo hivyo *ame* ya mvua na *ame* ya peremende. Kiswahili sanifu hakina toni za kutofautisha maneno, na Mswahili wa pwani aghalabu huzipita tofauti hizo asizisikie. Dholuo ni lugha ya toni, na toni hiyo hubadili hata hali ya kitenzi, kama tendo limekwisha au lingali linaendelea, ingawa maandishi yake hayaionyeshi, kama vile yasivyoonyesha kwamba irabu zake ni tisa na si tano.

Vitabu vingi vya Kijapani vya hatua za mwanzo, kwa kuwa vimeandikiwa watu wanaodhaniwa kuwa na masikio mazito, hulipitia jambo hilo haraka, na mwalimu hufuata. Mwanafunzi wa Dunga huzisikia *ame* mbili tangu siku ya kwanza. Akiona kitabu hakizitofautishi, na mwalimu hazisahihishi, huamua kwamba kupanda na kushuka huko hakuna maana, huanza kuzitamka zote kwa namna moja kama wenzake, na ifikapo mwisho wa muhula wa kwanza amekwisha kuzisahau.